Datsun 240Z na sasipensheni ya kisasa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu familia ya S30: 240Z, 260Z na 280Z zilizotengenezwa kati ya 1969 na 1978. Mifano mingi ni ya 240Z kwa sababu ndiyo inayobadilishwa zaidi na ndiyo inayoharibiwa zaidi. Neno "mguu" hapa ni ule mkusanyiko mzima wa wima: habu chini, mrija wa chuma, shokapu ndani ya mrija na springi kwa nje.

Gari hili lilikuja na sasipensheni gani?

Magurudumu yote manne yanajitegemea. Mbele kuna miguu ya aina ya MacPherson, mkono mmoja wa chini kila upande, na fimbo inayotoka kwenye mkono huo kurudi nyuma hadi kwenye kikombe kilichochomelewa kwenye chesisi. Nyuma pia ni miguu, ila mkono wa chini ni mpana wenye umbo la H, umeunganishwa na habu kwa pini ndefu.

Jambo kubwa la kulielewa: mrija wa mguu na nyumba ya habu ni kitu kimoja. Shokapu ya kiwandani haikuwa chombo kinachofunguliwa na kutupwa, bali mafuta na pistoni vilikaa ndani ya mrija wenyewe. Kwa hiyo huwezi kufungua bolti mbili, kutoa mguu wa zamani na kuweka mpya kama kwenye magari ya sasa. Maswali mengi yanayofuata yanatoka hapo.

Nianzie wapi kabla ya kununua chochote?

Anza na chuma cha gari. Springi ngumu hupeleka mzigo kwenye bodi, na bodi ya S30 ni bati jembamba. Pandisha gari kwenye stendi, chukua bisibisi ya zamani na nyundo ndogo, ugonge sehemu hizi: reli mbili za chesisi chini ya sakafu, vikombe vya fimbo za mbele, bati la chini ya betri, na vichwa vya minara ambamo miguu inafungwa kwa nati tatu tatu. Sauti iwe kavu na ya juu. Ikidunda kama kadibodi, au bisibisi ikizama, kazi ya kwanza ni kukata kutu na kuchomelea bati jipya. Magari yaliyoishi Mombasa, Tanga au Dar es Salaam yakaguliwe kwa ukali zaidi, kwa sababu chumvi ya pwani huingia ndani ya reli na kula kutoka ndani huku rangi ya nje ikiwa nzima.

Kisha piga picha na upime. Andika umbali kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, kona zote nne, gari likiwa kwenye sakafu tambarare. Bila namba hizo hutajua baadaye umeshusha gari kiasi gani.

Kuna njia ngapi za kuliboresha?

Zinazofanya kazi kweli ni tatu.

Ya kwanza ni kubakiza mrija ulivyo, kuweka katriji mpya ya shokapu (shokapu kamili iliyofungwa ndani ya kopo lake) ndani yake, na springi mpya zinazokaa kwenye sahani ileile ya kiwandani. Hakuna kuchomelea. Kwa gari la barabarani lenye tairi za kawaida, hii inatosha watu wengi kuliko wanavyoamini.

Ya pili ni kuondoa sahani ya springi, kufupisha mrija, kuweka katriji fupi na kuvika mrija bomba lenye hesi linaloruhusu kupandisha na kushusha gari. Hii ndiyo tunayoieleza kwa kirefu.

Ya tatu ni seti kamili ya kisasa ya koiliova (shokapu na springi vikiwa pamoja, kimo kikirekebishwa kwa hesi) iliyotengenezwa kwa ajili ya S30. Nyingi bado zinakutaka ukate mrija wako karibu na habu na kuchomelea kikombe cha kupokea mguu mpya, kwa hiyo soma maelekezo kabla ya kulipa.

Je, koiliova za Nissan Silvia S13 zinaingia? Na miguu ya 280ZX?

Za S13 haziingii moja kwa moja. Mguu wa mbele wa S13 unashika habu kwa bolti mbili, na S30 haina mahali pa bolti hizo. Nyuma ndiyo kabisa, kwani S13 ina mikono mingi midogo na fremu yake. Wapo wanaokata na kuunganisha, lakini gharama ya fundi mzuri inafikia bei ya seti iliyokusudiwa S30.

Kwa 280ZX, yaani S130, mbele kuna faida: mrija ni mnene zaidi na diski ina matundu ya hewa katikati. Nyuma usijisumbue, mpangilio wa mikono ni tofauti kabisa. Na jihadhari: masikio ya kufungia kalipa ya breki kwenye mguu wa ZX yana nafasi tofauti na ya 240Z. Ukinunua miguu ya ZX huku umeshanunua kalipa za Toyota Hilux zinazoelezwa kwenye swali la breki, vitu hivyo viwili havitashikana.

Kwa nini nikate mrija? Si naweza kuweka springi fupi tu?

Unaweza, na gari litashuka. Ila utakuwa umeiba mwendo wa shokapu. Fikiria shokapu kama mtu anayesimama mlangoni: akishachuchumaa nusu, akibonyezwa tena hana pa kwenda. Ukishusha gari mm 40 bila kufupisha mrija, kila gurudumu limepoteza mm 40 za kubonyea. Tuta la kwanza, pistoni inagonga chini. Katriji hupasuka vali, mafuta huvuja, na mwenye gari husema shokapu mpya ni feki. Shokapu haikuwa na kosa.

Mwendo ndio mali ya sasipensheni. Springi, vali na tairi vyote vinafanya kazi ndani ya nafasi hiyo, na ikiisha hakuna kinachofanya kazi.

Nakata kiasi gani?

Hesabu inatokana na katriji, si na matamanio ya kushusha gari. Pima kina cha mrija kutoka ukingo wa juu hadi sakafu ya ndani. Pima mwili wa katriji mpya bila fimbo. Tofauti ndiyo unayokata. Kwa mfano, kina cha mrija kikiwa mm 345 na mwili wa katriji mm 300, unakata mm 45.

Kisha acha nafasi ya kubana. Kikofia cha juu kikikazwa, lazima kigusane na kichwa cha katriji kabla ya kugusa ukingo wa mrija. Libaki pengo la mm 1 hadi 2. Kikigusa mrija kwanza, katriji itacheza ndani na kutoa mlio wa "tok tok" kwenye kila shimo, mlio ambao watu huutafuta kwenye boljointi kwa wiki nzima. Katriji ikiwa fupi kidogo, weka chini yake pete ya chuma iliyokatwa na fundi wa mashine ya kukereza. Usirundike washa.

Pima miguu yote minne mmoja mmoja. Ya mbele na ya nyuma haina urefu sawa, na mrija wa 240Z ni mwembamba kuliko wa 280Z, hivyo kikofia na bomba la hesi la gari moja havitakaa kwenye lingine. Tumia vernia, usiamini jina lililoandikwa kwenye boksi.

Katriji fupi zinazotumika sana kwa kazi hii ni zile za Toyota MR2 ya kwanza (AW11) na za kampuni ya Koni, mfululizo wa 8610.

Nichomelee vipi bila kuharibu habu?

Hapa ndipo pa kutulia.

Toa mguu wote kwenye gari, toa springi kwa kifaa cha kubana springi chenye ndoano mbili imara. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuvunja taya. Usisimame mbele ya ncha yake. Mwaga mafuta ya zamani, osha ndani kwa petroli kidogo, kisha acha mrija wazi ukauke kabisa kwa siku moja. Mrija wenye mvuke wa mafuta ukichomelewa unaweza kulipuka.

Ondoa sahani ya springi kwa grainda, ukikata chomeo la kiwandani tu. Ukiingia kwenye mrija kwa nusu milimita, umeshaudhoofisha mahali panapobeba gari. Kata kipande chako chini ya sahani hiyo, ili hesi za juu zibaki nzima. Zungusha utepe wa karatasi kwenye mrija, ncha zikutane sawasawa, ndipo ufuate ukingo wake. Ukikata kwa macho mrija utakaa mshazari.

Chonga kingo zote mbili mshazari wa nyuzi 30 hivi ili chomeo lizame. Laza mrija kwenye chuma cha pembe kilichonyooka na ufunge kwa klampu, kisha shika kwa nukta nne za chomeo zinazoelekeana. Ingiza katriji, izungushe. Ikiteleza bila kukwama, itoe, uchomelee robo robo kwa kubadilisha pande. Waya wa ardhi wa mashine ya kuchomelea ufungwe kwenye mrija wenyewe, karibu na chomeo. Ukifungwa kwenye habu, umeme unapita ndani ya bearing na kuiunguza. Bearing hiyo itaanza kuvuma baada ya siku chache. Bora utoe bearing kabisa kabla ya kuanza.

Chomeo likipenya sana ndani, katriji itakwama. Sugua kwa jiwe la kuhoni, usiigonge katriji kwa nyundo.

Wakati wa kufunga, mimina mafuta kidogo ya injini ndani ya mrija kabla ya kuingiza katriji. Yanahamisha joto kutoka kwenye katriji kwenda kwenye mrija. Yasifike juu: ukisukuma katriji na mafuta yakafurika, umezidisha.

Springi za ugumu gani?

Za kiwandani ni laini, takriban kg 1.5 hadi 2 kwa kila mm. Kwa barabara, pamoja na katriji nzuri, kg 3.5 hadi 4.5 kwa mm zinatosha, nyuma ikiwa sawa na mbele au ngumu kidogo. Springi zilizoandikwa kwa paundi kwa inchi, gawanya kwa 56: paundi 200 ni karibu kg 3.6, na 250 ni karibu 4.5.

Fanya hesabu ya kubonyea kwanza. Gari lina karibu kg 1,050. Kona moja hubeba kama 260. Toa gurudumu, habu na breki, zinabaki kama kg 230 juu ya springi. Kwa springi ya kg 4 kwa mm inabonyea mm 57 gari likisimama. Sasa kama shokapu yako ina mm 75 za kunyooka kutoka hapo, gurudumu likining'inia springi italegea mm 18 na kuhama kwenye kiti chake. Ikirudi haikai sawa, na gari linapiga kelele. Dawa ni springi ndogo laini ya kusaidia, inayokaa juu ya ile kubwa na kubeba ulegevu huo tu.

Mipira ya kuzuia mgongano kwenye fimbo ya shokapu ibaki. Ikate ifupike ukihitaji, ila usiitoe.

Gari limeshuka, sasa likipita kwenye shimo usukani unavuta wenyewe. Kwa nini?

Mkono wa chini na tairodi (fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu) zote zimeinama kuelekea juu upande wa nje. Gurudumu likibonyea, kila moja inachora tao lake, na matao hayo hayalingani, kwa hiyo gurudumu linageuka bila wewe kugeuza.

Watu huuziwa spesa, yaani vipande vya alumini vya unene wa mm 25 hivi, vinavyowekwa kati ya chini ya mguu na mkono wa stelingi, na huambiwa vinaponya tatizo hili. Tuelewane vizuri hapa. Kwenye S30, boljointi na tairodi zote zinashikwa na kipande kimoja, hivyo spesa inazishusha pamoja. Inachorudisha ni pembe ya mkono: gari halilali sana kwenye kona, na mikono inarudi kwenye eneo ililopangiwa kiwandani. Hiyo ni faida kubwa. Lakini tofauti kati ya matao mawili haibadiliki sana. Anayetaka kuiondoa hiyo huhamisha tundu la ndani la mkono wa chini kwenye fremu ya mbele: mm 19 juu na mm 6 nje. Ni kazi ya kupima mara tatu, kutoboa, kisha kuchomelea bati la kuimarisha.

Spesa inahitaji bolti ndefu zaidi za daraja 10.9. Bolti iingie kwenye mguu angalau mara moja na nusu ya unene wake. Na kama bado una rimu za inchi 14, zungusha gurudumu kwa mkono kabla ya kushusha jeki: mkono ulioshuka unaweza kugusa rimu kwa ndani.

Pini ya nyuma haitoki. Nifanyeje?

Hii ndiyo kazi inayokatisha tamaa kuliko zote kwenye gari hili. Pini imepita kwenye mkono, kwenye habu, kisha mkono tena, na katikati imefungwa na bolti ndogo yenye mshazari. Watu wengi husahau hiyo bolti na kuanza kupiga pini.

Legeza nati ya bolti hiyo ndogo, iache ikiwa imeshika hesi chache, gonga taratibu hadi bolti iruke, ndipo uitoe. Nyunyizia mafuta ya kupenyeza pande zote za pini jioni, rudia asubuhi, rudia jioni tena. Kisha tumia kifaa cha kuvuta: bomba nene, washa nene na nati ndefu inayoshika hesi za pini. Kaza, gonga nyumba ya habu ubavuni, kaza tena. Ukipiga ncha ya pini kwa nyundo, hesi zinapanuka kama uyoga na pini haitapita tena kwenye bushi. Ikishindikana kabisa, kata pini pande zote mbili kati ya mkono na habu kwa msumeno mwembamba, upeleke habu kwenye mashine ya presi. Nunua pini mpya mapema, kwa sababu uwezekano wa kuihitaji ni mkubwa.

Wakati wa kurudisha, paka grisi isiyoshika kutu, na hakikisha mkato wa pini unaelekea kwenye bolti ndogo.

Bushi za mpira au za poliyurethani?

Kwenye mikono, poliyurethani ni nzuri mradi upake grisi yake. Kwenye fimbo za mbele, usiweke poliyurethani pande zote mbili za kikombe. Fimbo inahitaji kuyumba kidogo mkono unapopanda na kushuka. Ikibanwa pande zote inapinda mahali palepale kila tuta, na hatimaye huvunjika kwenye hesi. Ikivunjika wakati wa kufunga breki, gurudumu linarudi nyuma. Weka poliyurethani upande wa mbele wa kikombe, unaopokea nguvu ya breki, na mpira upande wa nyuma.

Bushi za mpira zikazwe gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Ukizikaza magurudumu yakining'inia, mpira unabaki umesokotwa na kuchanika mapema.

Alaimenti niweke namba gani?

Jua kwanza kwamba kiwandani unaweza kurekebisha kitu kimoja tu: tou ya mbele, yaani jinsi magurudumu yanavyoelekeana ukitazama kutoka juu. Kemba, ule mlalo wa gurudumu ukilitazama kutoka mbele, haina marekebisho, na nyuma hakuna chochote cha kugeuza. Ndiyo maana watu huweka mikono inayorefushwa, au bushi zenye tundu la pembeni, au sahani za kuteleza juu ya minara.

Kwa barabara: kemba ya mbele nyuzi -1 hadi -1.5, nyuma hivyohivyo, pande mbili zitofautiane chini ya robo nyuzi. Tou ya kuingia ndani mm 1 hadi 2 jumla mbele, na mm 2 hadi 3 nyuma. Magurudumu ya nyuma yakielekea nje hata kidogo, gari litakuwa na wasiwasi kwenye breki. Pima ukiwa na mtu au mifuko ya mchanga kwenye kiti cha dereva.

Breki nazo nibadilishe?

Si lazima, lakini wakati miguu iko mezani ndio wakati wake. Kalipa za pistoni nne za Hilux 4x4 za 1979 hadi 1985 zinafunga kwenye masikio ya mguu wa 240Z na diski ya kiwandani. Bati la kukinga vumbi lazima likatwe na mrija mgumu wa mafuta ukunjwe upya. Katika Afrika Mashariki, vifaa vya kalipa hizo hupatikana kwa urahisi kuliko vya Datsun yenyewe.

Naishi kwenye barabara mbovu. Nishushe kweli?

Usishushe, au shusha mm 15 hadi 20 tu. Datsun 240Z ilishinda East African Safari mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, na tena 1973 kwa Shekhar Mehta na Lofty Drews. Magari yale yalisimama juu, miguu ikiwa na mwendo wa kutosha kubonyea na kunyooka. Kwa matuta ya mjini na barabara za vumbi, chagua njia ya kwanza: katriji nzuri, springi ngumu kiasi, kimo cha kiwandani. Mwonekano wa gari lililolala chini una bei, na mashimo ndiyo yanayoidai.

Kumbuka pia shafti fupi za nyuma. Zina sehemu inayoteleza, na gari likishushwa sana mtelezo huo unaisha na shafti inasukuma habu. Dalili ni kugonga kukavu kutoka nyuma gurudumu likibonyea kabisa.

Nitajuaje kwamba kila kitu kina nafasi?

Kabla ya kuweka springi, funga mguu na katriji, fimbo, mkono na gurudumu. Inua gurudumu kwa jeki hadi mpira wa kuzuia ubanwe. Mbele, geuza usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia. Tazama tairi na bodi, tairi na bomba la hesi, tairodi na rimu, bomba la breki. Palipo na chini ya mm 5, rekebisha. Fanya hivyo kila kona, kwa sababu magari ya miaka 50 hayana pande mbili zinazofanana.

Baada ya kuendesha, nikague nini?

Nati za magurudumu (M12x1.25, kipimo cha bolti 4x114.3) zikaze kwa Nm 80, na zikague tena baada ya kilomita 50. Baada ya kilomita 100 hadi 200, pitia kikofia cha kila mguu, bolti za spesa, nati tatu za kila mnara na pete za kufungia springi. Pima kimo upya, maana springi mpya hukaa kidogo siku za mwanzo, na ukirekebisha kimo rudia alaimenti. Paka chaki kwenye chomeo la kila mrija na ulitazame kwa tochi: mstari mwembamba unaopita kwenye chaki ni ufa, na gari lisitembee tena hadi mguu huo utolewe.